Jani la Bibi kwenye Pazia la Kiingereza

Nauza mapazia mtaa wa Ruwi, hapa Maskati, na kazi hii imenifanya mkorofi kidogo kwenye nyumba za watu. Nikialikwa chakula, kabla sijaonja wali nimeshageuza upindo wa pazia kuona limeshonwa vipi. Kwa hiyo nilipokwenda kutazama maonyesho ya vitambaa kwenye ile hoteli kubwa ya Bustan, nilikwenda na ujuaji wangu wote. Nilidhani nitapita haraka, ninywe kahawa ya bure, nirudi dukani.

Ukumbi ulikuwa baridi na kimya. Vitambaa vilining'inizwa kutoka darini, mbali na kuta, vikicheza taratibu kwa upepo wa kiyoyozi, nasi tukipita katikati yake kama watu wanaopita uani siku ya kufua. Vyote vilichorwa na wasanii wa Kiingereza wa karne iliyopita. Maelezo ukutani yalisema wachoraji wale, ambao picha zao zilinunuliwa na matajiri tu, waliombwa na viwanda wachore mapambo ya mapazia na vikombe, ili mtu wa kawaida naye apate kitu kizuri cha kutazama nyumbani kwake. Walichora magugu, samaki, mbegu zilizopasuliwa. Nikasahau duka. Nilitembea polepole nikitafuta pale mchoro unapoisha na kuanza upya bila kujionyesha, maana huo ndio ufundi wenyewe: jani lichorwe mara moja tu, na dirisha zima ligeuke kichaka. Sijui nilizunguka muda gani.

Halafu nikaliona jani letu.

Mama yangu hushona kofia za viua, zile nyeupe ambazo kila kitundu chake huzungushiwa uzi kwa mkono, kama wanavyoshona wanawake wengi wa familia zetu zilizotoka Unguja. Ana nakshi moja asiyompa mtu: jani refu lililojikunja ncha, na ndani ya mkunjo mbegu tatu. Alifundishwa na mama yake, na bibi alikuwa akisema kaliona ndotoni. Mama aliletwa Maskati akiwa bi harusi mdogo. Bibi alibaki Unguja, akafia kule, na mama hakuwahi kuliona kaburi lake. Hana picha yake, hana hata kanga yake. Ana jani. Majirani wameliomba, mashangazi wamenuna, na jibu ni lile lile: "Hili la mama. Halitoki."

Na sasa lilikuwa mbele yangu, la kijani na rangi ya udongo, limejaa kitambaa kizima, na pembeni jina la mwanamke wa Kiingereza. Nilitaka kucheka. Baba yangu, Mungu amrehemu, miaka yote alikwenda sala ya Idi na pazia la Mzungu kichwani! Lakini kicheko hakikutoka. Niliogopa. Mama akijua, atabaki na nini cha mama yake?

Nikaamua asijue. Bahati mbaya Maskati haifichi kitu, na jirani yake akamwambia kuna vitambaa vya ajabu Bustan. Nikamwambia mama kuna joto. Nikamwambia hapana pa kuegesha gari. Nikamwambia ni matambara tu ya Kizungu.

"Weye leo una nini?" akaniuliza. "Nguo nzuri iko mjini, nami n'kae ndani? Hebu nipeleke."

Nikampeleka. Njiani alitazama milima, akiimba kwa pua, nami nikiomba moyoni macho yake, ambayo siku hizi hayaoni vizuri, yampitishe mbali.

Hayakumpitisha. Alivipita vitambaa vingine vyote akitabasamu, mikono ameifunga nyuma kwa kuwa nilimkataza kugusa, kisha akafika pale, akasimama. Alisimama mpaka nikashindwa kuvumilia.

"Mama," nikaanza, "huenda bibi na huyu bibie wa Kiingereza waliota ndoto moja."

"Nyamaza," akasema, si kwa ukali. Akasogea karibu. "Limegeuka hili. La mama lainamia kushoto. Hili laenda kulia."

Ujuaji wangu ukanitangulia. "La bibi ndivyo hili linavyoonekana ukiwa nje ya dirisha," nikasema. "Pazia lisilo na bitana uso wake unatazama chumbani. Aliye njiani anaona mgongo, jani limegeuka." Maneno yalipotoka tu nilitamani kuyameza.

Mama hakunigeukia. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayesinzia.

"Palikuwa na nyumba ya Mngereza, njiani. Mama akinipeleka chuoni kusoma Kurani, hufika pale akasimama. Kila siku. Nami n'kimvuta buibui, n'kimwambia twende, mwalimu atan'chapa. N'kidhani kachoka."

Akaliinua buibui lake kidogo, akakizunguka kitambaa, akapotea nyuma yake. Taa ya upande wa pili ikanionyesha kivuli chake, kifupi, kimefunikwa majani. Mlinzi aliinuka kitini. Nikamwashiria amwache, akakaa tena.

"Mwanangu," mama akaniita kutoka kule, "huko ndani mna nini?"

Nikatazama huku na huku upande wangu, upande wa chumbani, kwa makini, kana kwamba mteja ananiuliza. "Hamna kitu, mama. Ukuta mweupe na kiti cha mlinzi."

"Hamna mtu?"

"Nimo mimi," nikasema.

Kitambaa kikacheza, kivuli kikabaki palepale.

"Basi n'ngoje," akasema. "Leo simvuti mama."

Nikamngoja upande wangu, nikilia.