Pasi kwa Mtu Asiyekuwepo

Mume wangu, Ivano Bressanin, alicheza mpira wa kulipwa miaka kumi na sita, katika timu saba, akiwa kiungo. Ligi kuu alicheza mechi kumi na moja tu. Lakini kijijini kwetu, chini ya tuta la mto Po, hizo kumi na moja zilitosha kumtundikia picha kwenye baa, kati ya Bikira Maria na kalenda ya duka la mbegu. Wageni wakiingia wanaonyeshwa. Yeye akiingia kunywa kahawa anaipa mgongo.

Nilidhani ni unyenyekevu, nikamshukuru Mungu kwa kunipa mume asiye na majivuno. Nilikaa na wazo hilo miaka mitano ya ndoa.

Mambo yalianza mwaka themanini na tatu, Ivano akiwa na miaka kumi na minne. Katika timu ya parokia walikuwa viungo wawili, yeye na rafiki yake Delfino Zanforlin. Ivano alicheza kulia, Delfino kushoto. Nyumba zao zilitenganishwa na mfereji, na asubuhi aliyetangulia kuamka alimpigia mwenzake mluzi.

Jezi walipewa na muuza matrekta. Zilikuwa masalia ya seti mbili, kwa hiyo namba zilirukaruka. Jumapili moja ya Novemba Padre Ottorino aliandika orodha ya wachezaji kwa mwandiko wake mzuri: Bressanin nane, Zanforlin kumi na saba. Sasa kwetu kumi na saba ni namba ya mkosi. Kuna barabara ambayo nyumba zake zinatoka kumi na sita zinaingia kumi na nane, na hakuna anayeuliza. Mama yake Delfino, Zaira, mjane mwoga wa mambo hayo, alimwambia mwanawe kwamba namba hiyo hataivaa akiwa hai. Kwa Padre hakuthubutu kusema, maana Padre aliuita huo upagani. Basi kwenye chumba cha kuvalia wale wavulana wakabadilishana jezi kimyakimya. Ivano alicheka tu. Kwao hawakuogopa namba.

Padre hakuiona mechi hiyo, alikuwa makaburini akizika mtu. Lakini msaka vipaji wa timu moja ya mjini alikuwepo, amesimama nyuma ya wavu katika ukungu, na akaondoka kuwahi treni bila kusema na mtu. Baada ya siku tisa ikaja barua. Padre akatazama orodha yake, akamwita Ivano na baba yake sakristia, akawasomea. Mjini walimtaka mvulana aliyevaa namba nane.

Ivano alielewa palepale. Aliniambia kwamba alifungua mdomo aseme. Ndipo akamwona baba yake, mtu wa kubeba magunia kiwandani, amevua kofia na analia mbele ya kabati la mavazi ya misa. Akafunga mdomo. Padre naye akafariki kabla ya Pasaka. Kijiji kizima kilijua tu kwamba Ivano amechaguliwa. Delfino alimsindikiza stesheni, akambebea begi.

Kule mjini msaka vipaji alimtazama akifanya mazoezi, akamuuliza mbona siku ile alitumia sana mguu wa kushoto. Ivano akajibu kwamba siku ile wa kulia ulikuwa unamuuma. Hakuwa mchezaji mbaya, wakambakiza.

Jambo la pasi lilianza alipokuwa na miaka kumi na tisa. Katikati ya mechi alipiga mpira kushoto, pasi nzuri, yenye kasi ya kutosha, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Mpira ukatoka nje. Kocha akadhani ni uchovu. Lakini ikajirudia, mara moja katika mechi tatu, mara nyingine kila wiki. Wenzake wakamtania. Mmoja alimuuliza kama amemwoa pepo, na kama ni mrembo angalau awatambulishe. Makocha hawakutania. Ndiyo sababu ya timu saba.

Mimi mwenyewe niliona kwa macho yangu mwaka tisini na saba, mechi yake ya kumi na moja ya ligi kuu. Timu ilikuwa nyuma kwa bao moja na dakika zimekwisha. Ivano alipata mpira mbele ya lango, kipa ameanguka. Badala ya kupiga akautuma kushoto, kwenye nyasi tupu. Uwanja mzima ukampigia miluzi ya kuzomea, na waliokaa karibu nami walisema maneno juu ya mama yake ambayo siwezi kuyaandika. Kesho yake, tukitoka misa, nikamuuliza alimpasia nani.

"Delfino," akasema. "Ana miaka kumi na minne, soksi zina matope. Ameinua mkono anaomba mpira. Nives, nifanye nini? Yuko peke yake kila mara."

Ndipo akanisimulia yote. Nilimwambia aungame. Akaniambia ameshaungama kwa mapadre wanne, na wote wamemwondolea dhambi, ila mvulana hakuondoka. Basi nikamwambia kwamba kilichobaki si cha Mungu tena, ni cha Delfino. Alinyamaza miaka ishirini na sita zaidi.

Delfino alifanya kazi kiwanda cha sukari mpaka kilipofungwa, kisha akaendesha mashine za kuvuna viazisukari. Hakuoa. Alikata kila gazeti lililomtaja Ivano, na ole wake aliyemsema vibaya mbele yake. Mwaka juzi mapafu yakamshinda. Akawa wa kukaa kitini kando ya jiko la kuni, na mrija puani, na daktari akamwambia dada yake asimpangie mambo ya mbali. Hapo Ivano alijua: akisema sasa atakuwa amesema, asiposema atabaki na yule mvulana peke yake mpaka kufa kwake.

Tulikwenda Alhamisi saa nane mchana. Nilipika supu ya maharagwe, kwa sababu sikujua mtu aende na nini kwenye jambo kama lile.

"Karibu, mheshimiwa wa ligi kuu," Delfino akasema. "Shemeji, huyu unamlisha nini? Amekuwa na tumbo la kadinali."

Ivano hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, kofia mkononi. Alipomaliza, Delfino alikuwa anatazama kuni.

"Barua ilisemaje?"

"Delfino..."

"Unaijua kwa moyo. Isome."

Ivano akaisema kama mtoto wa katekisimu. Kiungo, namba nane. Anacheza kichwa juu, hautazami mpira. Sijaona mvulana wa namba hii miaka mingi. Tafadhali asiahidiwe kwa timu nyingine.

Delfino alimwambia airudie, akairudia. Akasema tena, akairudia. Kisha akamwambia atoke, na mimi na supu yangu.

Wiki tatu zilipita. Ivano hakula vizuri, na mimi nilisali rozari nikihesabu shanga bila kujua niko fumbo gani. Kisha dada yake Delfino akapiga simu: anamtaka, aje na kumbukumbu zake zote.

Toka siku hiyo anakwenda kila Alhamisi. Delfino anataka asimuliwe kila mechi, tangu ya kwanza, hata zile za benchi. Ana sharti moja tu, na nilimsikia akilisema siku ya kwanza.

"Usiseme 'nilipiga'. Sema 'ulipiga'. Haya. Tulikuwa wapi? Mvua inanyesha. Halafu nikafanya nini?"

"Ulimpita mmoja," Ivano akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Ukaanguka. Ukasimama."

"Bila shaka nilisimama."

Wamefika mwaka tisini na sita. Delfino amekonda, lakini Alhamisi anataka kunyolewa ndevu. Goti la Ivano lilivunjika mwaka tisini na moja, na waliposimulia mechi hiyo Delfino alilishika goti lake mwenyewe, akalikanda mpaka tulipoondoka.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, mgeni mmoja kwenye baa aliitambua picha ukutani. Akamfuata Ivano, mtu mwenye heshima zake, akamwambia alikuwepo uwanjani siku ya lile bao la mbali, mwaka tisini na tano. Akataka kumshika mkono.

Ivano alimtazama kwa upole, kama mtu aliyefananishwa.

"Sikuwa mimi," akasema. "Aliyefunga ni Delfino Zanforlin. Nyumba yake ni ile ya ng'ambo ya mfereji. Mgonjwa, lakini anapokea wageni."

Nilitafuta uso wake nione kama anatania. Alikuwa anakoroga kahawa yake, ametulia, na yule mgeni alikuwa ameshatoka kwenda kuitafuta nyumba.