Kasimiri na Alama za Mizinga

Kasimiri hakujua kusoma, ila alama za mizinga alizijua zote. Mizinga themanini na minne ya kijiji, msituni ng'ambo ya mto wa Ntalikwa, kila mmoja una alama ya mwenyewe imechongwa ubavuni kwa shoka: unyayo wa kanga, jembe, mikato miwili iliyopishana. Ukimfunga kitambaa machoni, akapapasa gogo, atakwambia hili la fulani, na baba yake alikuwa fulani.

Ndiyo maana mwaka wa sabini na tano wakampa kazi ya kukwangua.

Kanuni yenyewe aliitoa yeye. Kijiji cha ujamaa kilikuwa na mwaka mmoja. Asali ya wote, kazi ya wote, lakini kila Jumamosi, majina yakisomwa kabla ya kazi, waliofika walikuwa wale wale. Kasimiri, mtu asiyesema, akasimama mkutanoni.

"Asiyeitika Jumamosi tatu, alama yake ikwanguliwe."

Akakaa. Makofi yakapigwa. Katibu Yoramu akaandika.

Alama ikikwanguliwa, mtu ametoka. Hana asali, hana shamba, hana jina daftarini. Na mwaka ule asiye na jina daftarini hakutulia. Malori ya kuhamisha watu yalikuwa bado yanapita, yakipakia wasio na kijiji.

Mwezi wa sita Yoramu akasoma waliokosa mara mbili. Walikuwa tisa. Wanane Kasimiri aliwatarajia. Wengine walishahamia Isevya mjini, wanauza karanga. Wa tisa ni Hilari.

"Hilari yupi? Huyu wetu?" Twalibu akauliza. Mrina asali huyo alikuwa hakosi neno. "Basi ameoa nyuki."

Wachache wakacheka. Kasimiri hakucheka. Hilari alimzika mkewe Apolinaria mwezi wa tatu, mvua ikijaa kaburini. Na yeye na Hilari walirina pamoja tangu ujana, mmoja juu ya mti, mwingine chini ameshika kamba.

Kesho yake asubuhi akaenda kwake.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka." Hilari alikuwa kwenye kigoda mlangoni. Miguu yake ina masizi hadi magotini. Kasimiri aliyaona. Hakuuliza.

"Wanakuita, ndugu yangu."

"Nawasikia."

"Jumamosi njoo uitike tu. Hata ukiondoka baada ya hapo."

Hilari akauliza, "Yoramu anaanza na jina gani akisoma?"

Kasimiri akafikiri. Ndipo likamjia. Kila Jumamosi, jina la kwanza: Apolinaria! Na watu kwa sauti moja: Marehemu! Halafu Yoramu anaendelea. Naye Kasimiri alikuwa akiitika pamoja nao.

"Siwezi kusimama pale," Hilari akasema. "Mara moja nilisimama. Basi."

Kasimiri akaenda moja kwa moja kwa Yoramu.

"Katibu, lile jina la marehemu lifute."

"Mzee wangu, kufuta marehemu kunataka karatasi ya wilayani. Nimeiomba tangu mwezi wa nne."

"Na aliye hai?"

"Aliye hai kanuni ipo. Si ni yako?" Yoramu hakusema kwa ubaya. Alikuwa kijana wa adabu. "Ukimwacha Hilari, wale wanane nitawaambia nini?"

Kasimiri akarudi kwake. Angeweza kusema mkutanoni kwamba amekosea. Jumamosi ya tatu ikafika, majina yakasomwa, Hilari hakuitika. Kasimiri akatazama vidole vyake vya miguu mpaka wakamaliza.

Jumatatu akaingia msituni na shoka. Upepo ulikuwa umeanza mapema mwaka ule. Nyasi zimekauka kabla ya wakati wake, zikisuguana kama watu wanaosengenya. Akakwangua wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nyuki hawakumsumbua. Hilo nalo halikumpendeza.

Mzinga wa Hilari ulikuwa wa mwisho, juu ya mninga, kando ya njia ya zamani ya wapagazi wa Ujiji. Mstari mrefu na vishimo vitatu chini yake. Alama hiyo Kasimiri aliiona ikichongwa. Akapanda, hakuipapasa, akakwangua haraka. Vipande vikaanguka. Gogo likabaki jeupe kama mfupa.

Akiwa kule juu akatazama chini.

Nyasi upande wa mashariki zilikuwa zimechomwa. Si moto wa kupotea. Ukanda umenyooka, hatua kumi upana wake, umeufuata mstari wa miti yenye mizinga kuanzia mtoni mpaka macho yalipoishia. Majivu mengine ya jana. Kila mwaka, moto mkubwa wa mwezi wa nane ulipokuja, mizinga yao ilipona, na Kasimiri alisema ni Mungu. Sasa akayaelewa yale masizi ya magotini mwa Hilari.

Upande wa magharibi ulikuwa bado haujachomwa.

Akashuka, akaenda kwa Hilari karibu na kukimbia.

"Njoo uichonge tena. Leo hii. Mimi siruhusiwi, alama anachonga mwenyewe."

"Nani aliikwangua?"

"Mimi."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu. Sikujua kuwa unachoma."

"Ulidhani nimelala."

"Nilidhani umelala."

Hilari akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei. "Mimi nimechoka, Kasimiri. Sitaki kuchonga. Nitakwenda kwa dada yangu Urambo kabla hawajanipakia."

"Na upande wa magharibi?"

"Choma asubuhi, umande ukiwepo, upepo ukiwa umelala. Upepo ukiamka, zima. Usibishane nao."

Siku ya tatu mlango wake ulikuwa umefungwa kwa kamba.

Mkutanoni Kasimiri akasimama tena. Akasema kanuni ni yake, na ni mbaya: inahesabu midomo inayoitika tu. Akaomba watu kumi wa kuchoma magharibi. Yoramu akaandika, akapanga Jumamosi mbili mbele. Twalibu akasema, "Nyasi zilivyokauka hivi? Ungemwacha mwenye kazi yake, mzee." Safari hii hakuna aliyecheka.

Kasimiri hakungoja Jumamosi. Alfajiri akaenda peke yake, ameshika kijinga cha moto. Akainama akagusa nyasi kwa mkono. Hazikuwa na umande. Akanyoosha shingo, akasikiliza. Hilari angejua kama upepo umelala au umevuta pumzi tu. Yeye hakujua.

Nyuma yake mizinga themanini na minne ikivuma polepole.

Akasubiri bila kuwasha. Jua likachomoza, na majani ya mninga yakaanza kutikisika.