Mazishi ya Mti wa Komba

Wakati huo msitu ulifika hadi nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa reli, na katika tundu la mti mmoja mkongwe aliishi komba, mnyama mdogo wa macho ya duara, ambaye kila jioni alilia kama mtoto mchanga. Treni zilikuwa zimeacha kuja. Baba, fundi wa reli, alianza kuchoma makala, yaani makaa ya kuuza.

Alasiri moja nilimkuta amelaza magogo ya mti ule, akiyafunika kwa majani, kisha kwa udongo. Tuta kama lile nilikuwa nimeliona makaburini tu.

"Baba, munazika nani?"

Mjomba, aliyekuwa akimsaidia, aliegemea jembe, akacheka. "Tunazika njala, mama! Kesho weye utakula bukari ya unga ya muhindi."

"Na komba? Iko mule ndani?"

Baba hakucheka. "Ilikimbia na mutoto yake mu kinywa. Itapata muti ingine."

Niliamini. Moshi ulipopenya nyufa za udongo, wenye harufu tamu ya utomvu, nilidhani mti unapumua, na kwamba ukishapumzika utafukuliwa ukiwa mzima. Nikaweka maua juu yake, kama tulivyofanya kwenye kaburi la bibi.

Juzi, sasa nikiwa mtu mzima, nilipita pale. Magunia ya makala yamepangwa kando ya reli, na nyuma yake sikuona mti wenye umri wa kuwa na tundu.

Jioni ile ya mazishi ya mti nilikaa mlangoni nikisubiri kilio cha komba. Hakikusikika, wala hakijasikika tena mahali pale.