Fataki na Mkono wa Baba

Nyumba yetu ya Doha ilinuka karafuu majira yote ya baridi ya mwaka ule nilipokuwa darasa la tano. Haikuwa harufu ya jikoni. Ilikuwa ya mafuta ambayo Bibi aliyatuma kutoka kwetu Wete ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, mdomo umezungushiwa plasta, na kila baada ya sala ya isha Mama aliyamimina kiganjani akamkanda Baba mkono wa kulia. Baba alikaa juu ya zulia, ameegemea ukuta, mkono kaunyoosha kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano. Chini ya kidole gumba nyama ilikuwa imevimba mpaka inang'aa. Asubuhi hakuweza kushika kikombe cha chai kwa mkono ule; alikishika kwa wa kushoto, akageukia ukuta kidogo ili tusimwone, na sisi tukajifanya hatuoni.

Mkono ule uliharibiwa na koleo. Baba alifanya kazi katika karakana ya klabu ya kulenga shabaha, nje kidogo ya mji, ambako risasi za mashindano zilitengenezwa upya kwa maganda yaliyokwisha kupigwa. Kila ganda lilihitaji fataki mpya, kidonge cha shaba kisichozidi punje ya dengu, kinachopachikwa kwenye kitako; pini ya bunduki ikikigonga, ndicho kinachowasha baruti. Fataki zilimiminwa kwenye kisahani juu ya koleo ile ya kubanwa kwa kiganja, zikatikiswa zilale upande mmoja, kisha Baba akabana mpini hadi asikie fataki imekaa. Siku za mapumziko ya shule niliruhusiwa kukaa nje ya dirisha la karakana, kwa hiyo niliyaona mateso yenyewe. Fataki ziligeuka kichwa chini miguu juu. Zilikwama njiani. Nyingine ilikaa juujuu, ikabidi ibanwe tena, na mpini ukirudi ulimfinya ngozi. Baba hakuwa mtu wa matusi, lakini koleo ile aliitukana. Otieno, Mkenya aliyepima baruti kwenye meza ya pili, alicheka.

"Mzee Hamadi, hiyo koleo umeioa? Kila siku mnagombana, kila siku mnarudiana."

"Ningekuwa nimeioa, talaka ingeshatoka."

Walicheka wote wawili, kisha Baba akabadilisha mkono, akashindwa, akarudi kwenye ule unaouma. Kila msimu alimwomba mudiri, ndivyo wafanyakazi walivyomwita mkubwa wao, anunue mtambo wa kufungwa mezani, wenye mkono mrefu wa chuma. Kila msimu aliambiwa inshallah. Hakusukumana naye. Kibali cha kuishi Doha, cha Mama, cha mdogo wangu na changu, kilikuwa kimeshikamana na kazi ile. Mudiri akiamua kumfukuza, tunafungasha sote.

Wiki ya mashindano makubwa maumivu yalizidi, na Baba akaanza kuondoka na ile chupa mfukoni. Karakana nzima ilijua kwamba mafuta hayakaribii fataki, kwa kuwa yakipenya ndani fataki inakufa. Baba mwenyewe ndiye aliyewafundisha wageni sheria hiyo. Lakini mafuta aliyoyafikiria yeye ni ya bunduki na ya mashine. Mama alipomuuliza kama mafuta yale hayatamletea taabu, alimjibu kwa sauti ya kumtuliza, "Haya si mafuta, mke wangu. Haya ni dawa." Akawa anajikanda, ananawa kwa sabuni, anarudi mezani kuzigeuza kwa vidole zile fataki zilizolala kichwa chini.

Ijumaa ya mashindano nilimwalika Salma, tuliyekaa naye dawati moja. Nilikuwa nimemtangazia darasani kwamba risasi zote zinapita mkononi mwa baba yangu. Tulikaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya kamba. Abu Khalid, mwanachama mwenye ndevu nyeupe ambaye wengi walikuja kumtazama yeye, alilala kifudifudi, akavuta pumzi, akafyatua. Tik. Hakuinuka, aliuacha mdomo wa bunduki ukielekea shabaha, akasubiri kama inavyotakiwa, akaitoa risasi, akatia nyingine. Tik. Mtu mmoja nyuma yetu akacheka puani.

"Risasi za baba yako zimelala?" Salma aliuliza.

Mashindano yalipokwisha, nilisimama dirishani pangu, Salma kando yangu. Otieno, aliyekuja moja kwa moja kutoka kanisani Mesaimeer, maana ibada za Doha huwa Ijumaa, na bado amevaa tai, aliivunja mojawapo ya zile risasi, akainusa, akacheka kabla hajafikiri.

"Hii kitu inanukia pilau! Mzee, nani amepika huku?"

Kisha akamwona Baba uso, akaifunika ile risasi kwa kiganja. Mudiri hakuwa amesikia. Aliingia na Abu Khalid, akaiokota koleo, akauchezesha mpini uliolegea. "Imechakaa," alisema kwa Kiarabu. "Nitamwambia kila mtu ni koleo." Otieno akatikisa kichwa haraka kukubali. Mlango wa kuponea ulikuwa wazi kabisa, na mimi nilimwomba Mungu ampitishe Baba.

"Si koleo," Baba alisema. "Ni mkono wangu. Niliupaka mafuta."

"Mafuta, Hamadi? Wewe?"

Baba aliinua mkono ule uliovimba wauone, kisha akaushusha, akauficha mgongoni. Abu Khalid alitoka nje. Salma, asiyejua Kiarabu, aliniuliza baba yangu anasema nini; nikamwambia hata mimi sikijui.

Hawakumfukuza. Walimtoa karakana wakampa ndoo ya kuokota maganda uwanjani, juani, na kiti chake akapewa Otieno. Kabla joto halijaanza, mtambo wa mezani ukaletwa. Baba alitueleza habari hiyo tukila, kama habari ya jirani.

Sasa nafanya kazi katika hoteli moja ya West Bay, hapahapa Doha, na Baba amerudi Wete. Mwezi uliopita niliwapeleka wageni wetu kwenye klabu ile. Otieno, ambaye leo ni mkuu wa karakana, alinitambua, akaniingiza ndani. Pale mezani kijana mmoja alikuwa anapachika fataki huku akipiga gumzo na mwenzake.

"Jaribu, dada," Otieno alisema. "Vuta hapo."

Nilivuta kwa kidole kimoja. Mkono wa chuma ukashuka, fataki ikakaa.

"Ni hivi tu?"

"Ni hivi tu," alisema, na kuanza kupanga makopo ambayo tayari yalikuwa yamepangwa.

Jioni Baba alinipigia simu. Nilimwambia nimefika klabuni na Otieno anamsalimu. Alifurahi sana. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali jibu, ule mtambo wao unavutikaje.

Nikamwambia sikuingia karakana.