Gari Lililoimba Likisukumwa

Enzi zetu za kaptula zenye viraka viwili nyuma, pale Morogoro gari lenye redio liliwafanya watu waache ugali na kutoka nje. Baba mdogo alinunua moja kuukuu kwa Mzungu wa shamba la mkonge, na redio yake ya kiwandani, kubwa kama sanduku la nguo. Mjini iliongea kidogo. Ukishaingia milimani ilikaanga vitumbua tu, chrrrr, chrrrr, mpaka mtu anasikia njaa.

Bahati mbaya, baba mdogo alikuwa amekwisha kujisifu kule Matombo kwamba gari lake linaimba. Huko alikuwa akiposa, na kwetu Waluguru mjomba wa binti ndiye mwenye neno. Mjomba yule akatuma salamu fupi: "Liimbe mpaka uani kwangu. Lisipoimba, binti simtoi kwa mwongo."

Basi baba mdogo akaing'oa redio, akaweka gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Kwenye shimo la kwanza sindano iliruka kama panzi, na mwimbaji akamaliza wimbo kabla ya kuuanza. Akaweka mto chini yake. Akaweka majani ya mgomba. Siku ya safari akamweka kiti cha nyuma bibi yetu, mama yake mzazi, aliyejaliwa mapaja ya kuwatosha watu wawili, na gramafoni juu yake.

"Mama, usipumue sana, sindano inaruka."

"We mtoto! Hata nilipokuzaa sikukatazwa kupumua!"

Lakini barabara ya Matombo iliyashinda hata mapaja ya bibi. Tulipokaribia, baba mdogo akazima injini. "Shukeni msukume. Polepole, kama mmebeba mayai." Tukasukuma, shangazi zangu na sisi watoto, nguo za sherehe zikageuka nyekundu kwa vumbi. Tukaingia uani tukihema, wimbo haukosi hata neno, bibi ametulia kama sanamu ya misheni.

Baada ya shikamoo, mjomba alilizunguka gari akitikisa kichwa. "Pole, kijana. Limekufia njiani?"

Baba mdogo akafungua mdomo aseme kweli. Bibi akamfinya.

"Limekufa, na bado unalipigia muziki," mjomba akaendelea. "Mtu wa namna hii hamtupi mke akiugua. Mchukue."

Furaha yetu iliishia kwenye kuaga. Gari lililokufa haliwashwi mbele ya wakwe. Tukaanza kulisukuma kurudi, safari hii kupanda mlima, tukitazamia kuliwasha baada ya kona. Lakini mgeni husindikizwa. Wakwe wote wakaja kusaidia, wakasukuma kwa upendo, wakakataa katakata kurudi mpaka mlima wa pili.

Juzi mwanangu aliing'oa redio iliyokuja na gari langu, akaweka spika zinazotetemesha hata meno yangu ya bandia. "Mzee, sikia besi hiyo!" Niliisikia, na jirani wa tatu aliisikia. Pamoja na shahada yangu, sijui hata pa kuizimia. Nakiri muziki wake hauruki kwenye shimo lolote. Ila nilipogeuka kutazama kiti cha nyuma, nilikuta kimejaa spika tupu. Sasa bibi angekaa wapi?