Tulivyopanga safari ya lori na miguu kutoka Ogembo hadi milima ya Cherangani kumchukua shemeji yangu

Wakuu, heshima kwenu, wakubwa kwa wadogo.

Nimekuwa nikisoma nyuzi zenu za road trip. Mnavyopanga 4x4, hema, jiko la gesi, njia yote mnaiona kwenye simu. Zinanifurahisha sana.

Zimenikumbusha safari moja niliyoipanga mwenyewe, mkoloni akiwa bado yupo. Sijawahi kuiandika popote. Nitaieleza ilivyokuwa bila chumvi, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Mimi ni mzee sasa. Naandika polepole, herufi nimezikuza kwenye simu. Mkiona makosa, vumilieni.

Kwetu ni Ogembo, juu ya mto Gucha. Miaka ya hamsini nilikuwa kijana, mwalimu wa shule ya msingi, sijaoa. Baba alikuwa ameshafariki. Dada yangu mkubwa, Kemunto, alikuwa ameolewa upande wa Nyamira na bwana mmoja anaitwa Nyakundi.

Nyakundi alikuwa mtu wa kucheka. Akiingia boma hata mbwa wanajua. Alikuwa amekwenda kupasua mbao huko Cherangani, na kila mwisho wa mwaka alirudi na blanketi la Mama na hadithi za baridi.

Mwaka huo hakurudi.

Ikafika Machi. Siku moja Kemunto akaingia kwetu jioni, ametembea kutoka Nyamira, miguu imejaa vumbi. Hakukaa. Alisema akiwa bado amesimama mlangoni kwamba mtu mmoja wa kwao amerudi kutoka kule msituni. Gogo lilimbingirikia Nyakundi likamvunja mguu. Mwenye kambi alishahamishia kazi msitu mwingine, lori na watu wote wakaondoka. Nyakundi amebaki kwenye kibanda, analetewa maziwa na familia moja ya wenyeji.

"Twende tukamchukue," akaniambia.

Mama akaketi chini. Mimi nikasema ndiyo kabla sijafikiri, na kutoka dakika ile hofu haikuniacha.

Niwaeleze kwa nini.

Kwanza, likizo yangu ilikuwa Aprili. Aprili kwetu ni mvua. Ukiacha kazi bila ruhusa umefukuzwa, kwa hiyo hakukuwa na mwezi mwingine.

Pili, sikuwahi kuvuka Sotik maishani mwangu. Milima niliyoijua ni hii yetu ya Manga.

Tatu, gari.

Gari lilipatikana kwa Okelo. Huyu alikuwa Mjaluo wa upande wa ziwa, akikaa Kisii mjini na mke wake. Alileta samaki Ogembo siku za soko, akarudi na mahindi na ndizi. Alikuwa na lori la jeshi lililouzwa baada ya vita, limechakaa lakini yeye alilipenda kama ng'ombe wa mahari. Tulikuwa tumezoeana. Nilipomweleza, akauliza, "Mwalimu, huko barabara inaishia wapi?"

Nikasema sijui.

"Basi tutajua tukifika mwisho wake," akasema.

Jibu hilo lilimridhisha yeye. Mimi lilininyima usingizi.

Nikaanza kupanga. Wakuu, nilipanga mpaka nikakonda. Ramani haikuwepo, kwa hiyo nilikuwa napanda baiskeli Jumapili naenda mpaka Masimba, ambako madereva wa malori walisimama kunywa chai, nawauliza njia. Mmoja aliniambia daraja fulani mbele ya Londiani liko imara kabisa. Aliyekaa kando yake akasema daraja hilo limesombwa. Wakabishana mbele yangu mpaka chai ikapoa, na mimi nimeshika kikombe, sijui nimwamini nani.

Nikirudi nyumbani namwambia Mama njia ni nzuri.

Vitu tulikusanya kidogo kidogo. Turubai la kulala chini yake, kamba za katani, koleo, mapanga, minyororo ya kufunga magurudumu kwenye tope, madebe ya petroli na ya maji. Chakula kilikuwa unga wa wimbi, ndizi mbichi, viazi vitamu vilivyokaushwa. Mama aliuza ndama kwa ajili ya petroli, hakutaka tuzungumzie jambo hilo.

Na machela. Nyakundi hangeweza kutembea, na kutoka barabara inapoishia mpaka kibandani ni mlima mtupu. Wabebaji wangekuwa ndugu zake wawili kutoka Nyamira, watu wenye mabega, pamoja na mimi na Okelo.

Kemunto je? Nilimwambia abaki. Nilisema mlima si mahali pa mwanamke, na pia nafasi ni ndogo garini. Hakubishana. Aliendelea kusaga wimbi wake.

Okelo ndiye aliyetaka tufanye majaribio. Kwa hiyo tukaenda Manga na wale ndugu wawili na jirani mmoja, kwenye ule ukingo ambapo ukisimama unaona nchi yote mpaka ziwani, tukatengeneza machela ya miti miwili na gunia, na Okelo mwenyewe akalala juu yake awe mgonjwa.

Tulianza kuteremka. Manyunyu yakaja. Mimi nilikuwa mbele kushoto, viatu vyangu vya ualimu havishiki chochote, na nilikuwa nawaza, ikiwa hapa kwetu iko hivi, huko itakuwaje. Nikiwa bado nawaza, nikateleza. Machela ikapinduka, Okelo akabingirika mpaka kwenye kichaka.

Alitoka na miiba mgongoni. "Mgonjwa amekufa," akasema taratibu, akijipangusa. "Tuanze tena."

Hakuna aliyecheka. Kemunto alikuwa ametufuata na chakula, akaweka kapu chini, akavua viatu, akashika mti wangu. Waliteremka mpaka chini bila kumwangusha. Kwetu mwanamke amebeba maji ya mto na kuni kwenye mteremko tangu utotoni, miguu yake inajua.

Jioni ile nilimwambia aandae nguo zake.

Ikabaki siku ya kuondoka. Okelo aliangalia mawingu upande wa ziwa akasema tuondoke Jumamosi asubuhi, kila siku tunayongoja ni tope. Mama ni Msabato wa kweli, hata moto hawashi siku hiyo.

"Watoto wangu hawatapanda mlima siku ya Bwana," akasema.

Okelo akamjibu kwa heshima kabisa, "Mama, mvua haina Sabato."

"Mvua ina mwenyewe," Mama akasema, na mazungumzo yakaisha.

Jumamosi yote mvua ilipiga mabati ya kanisa mpaka mhubiri akawa hasikiki. Nilikaa kwenye benchi nikihesabu mito kichwani. Gucha, Sondu, na mingine ambayo hata majina yake sikuyajua.

Tuliondoka Jumapili. Tukawachukua ndugu wa Nyakundi pale Nyamira, tukashika njia ya Sotik.

Safari yenyewe sitaieleza yote, nyuzi ndefu huwa zinawachosha. Nitasema tu kwamba karibu kila nililoogopa lilitokea, isipokuwa lile daraja. Lilikuwepo, imara kabisa. Tulikwama kwenye tope mara nyingi, tukachimba, tukafunga minyororo, tukasukuma. Kericho tulilala chini ya turubai, mashamba ya chai ya wazungu yamezunguka, tukaogopa hata kuwasha moto tusije tukaulizwa vibali na askari. Londiani baridi ilitutesa mpaka mmoja wa ndugu zake Nyakundi akalia waziwazi, mtu mzima. Petroli ilivuja kwenye debe moja. Kila tukisimama nilikuwa natembea kuzunguka lori, nagusa kila kamba, kama mtu anayehesabu watoto.

Lakini tulisonga. Tukapita Eldoret, tukakunja kuelekea milimani, na barabara ikawa njia ya mbao, halafu njia ya ng'ombe, halafu ikaisha kwenye mti ulioanguka.

Okelo akazima injini. "Mwisho wake ndio huu," akasema.

Kutoka pale tukapanda kwa miguu tukifuata maelekezo ya yule mtu aliyeleta habari, na Okelo akafunga mlango wa lori tukaenda naye. Kulikuwa na ukungu, mianzi, na tope jeusi linalonyonya mguu. Tulilala njiani, tumejibana kama kuku. Kemunto alikuwa mbele siku zote mbili. Hakuuliza tumebakiza kiasi gani.

Tukafika asubuhi. Uwazi msituni, visiki kila mahali, kibanda kimoja. Nje ya kibanda amekaa mtu, ndevu ndefu, mguu mmoja umenyooshwa mbele.

Alituona tukitokea kwenye miti. Hakuinua mkono.

Nikafikiri hajatutambua. Nikamwita, "Shemeji, ni sisi."

"Naona," akasema. "Mmekuja kunizika?"

Ndugu zake wakacheka, wakidhani ni mzaha wake wa zamani. Wakaanza kufungua machela. Akawatazama, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba haendi popote.

Mguu ulikuwa umejiunga vibaya, umepinda chini ya goti. Aliweza kusimama kwa kushika mlango, basi. Alisema aliondoka Nyamira kwa miguu miwili akiwaambia watu anakwenda kutafuta mabati ya nyumba, na harudi akiwa amebebwa kama mzigo wa kuni, hana hata bati moja, watoto wa kijiji wakimfuata nyuma.

Nilibembeleza. Nilimwambia habari ya ndama wa Mama, ya madereva wa Masimba, ya Manga. Kadiri nilivyozidi kusema ndivyo uso wake ulivyozidi kufunga. Ndugu yake mkubwa akakasirika, akasema tumfunge kamba kwenye machela tuondoke naye, atatushukuru akifika. Akainuka kweli na kamba mkononi.

Nyakundi akaokota shoka lililokuwa kando yake. Hakuliinua. Alilishika tu.

Okelo akaninong'oneza kwamba mvua inakuja, tukichelewa lori halitatoka kule hadi Juni. Nilisimama kati ya kamba na shoka. Nilikuwa nimepanga mito, tope, chui, baridi na askari. Mtu kukataa kuja, hilo halikunipitia akilini hata kidogo.

Kemunto alipita kati yetu, akaingia kibandani, akatoka na sufuria iliyoganda masizi. Akaigeuza, akaitazama ndani.

"Maji mnachota wapi?" akamuuliza mumewe.

Nyakundi akamwangalia muda mrefu. Akaonyesha kwa kidevu.

Kemunto akaenda. Aliporudi, ameshajaza sufuria, akaniambia niteremshe kapu lake, blanketi, na unga uliobaki. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anapika.

"Kemunto, lazima tuteremke leo."

"Teremkeni."

Nikamvuta pembeni. Nilimwambia mvua itafunga njia, hakuna mtu anayemjua huku, lugha ya watu hawa haijui, na yule mtu ana shoka. Nikamuuliza, "Mama nitamwambia nini?"

"Mwambie nimefika," akasema, akarudi kuwasha moto.

Wakuu, kuteremka mlima na machela tupu ni kuzito. Ndugu zake Nyakundi waliitupa njiani. Mimi niligeuka kutazama nyuma mpaka ukungu ukafunga.

Mama alisikia lori letu kutoka mbali, akatoka nje kuhesabu watu. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama. Hakulia wala hakunilaumu. Aliuliza swali moja, kama Kemunto amebaki na blanketi. Nikasema ndiyo. Akaingia ndani.

Miezi iliyofuata ndiyo ilikuwa mirefu. Kila mvua iliponyesha darasani niliacha kusema, nikasikiliza. Watoto walizoea.

Kemunto na Nyakundi walirudi pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, ikiwa imeshachumwa. Mtu alikuja kuniita shuleni, nikapanda baiskeli mpaka Nyamira bila kupumzika. Nyakundi alikuwa amekaa uani kwake, mkongojo wake umeegemea ukuta. Walikuwa wametembea kidogo kidogo, wakapewa lifti na malori ya mbao, wakatembea tena. Aliingia kijijini kwa mguu wake uliopinda. Watoto walimfuata kweli, akawachekesha.

Baadaye nilimuuliza dada yangu alimshawishi vipi. Akasema hakumwomba kurudi hata mara moja. Alipika, alifua, alilima kijishamba cha viazi pale kwenye visiki. Siku moja jioni Nyakundi akamuuliza mwenyewe, "Hivi maharage ya nyumbani yamevunwa na nani?" Akamjibu hajui. Wiki ile wakaanza safari.

Nyakundi aliishi miaka mingi, akawa seremala. Yeye na dada yangu wote wamelala Nyamira sasa.

Nilichojifunza ni hiki. Panga safari yako vizuri, kagua breki, beba kamba, uliza njia kwa zaidi ya mtu mmoja, fanya majaribio karibu na nyumbani. Hayo yote yalituokoa na sijutii hata moja. Ila kama unakwenda kumchukua mtu, kumbuka yeye si mzigo unaongoja kupakiwa. Huenda ana lake moyoni, na hilo huwezi kulibeba kwa haraka ya mvua yako.

Wenzangu mliowahi kumfuata ndugu mbali akakataa kuja, mlifanyaje? Andikeni hapa chini, nitasoma zote, hata kama ni polepole.