Kibao kilisema simba ana kilo 400. Nilikuwepo Lubumbashi siku alipopanda mizani

Wakuu, nawasalimu wote. Wale mliotukanana juzi kwenye uzi wa simba na chui milia nawasalimu mara mbili, mlihitaji.

Nimesoma comments zote. Mmoja kaweka simba wa kilo mia nne, mwenzake kamjibu na chui milia wa mia tano. Kufika page ya tatu nikaona hawa vijana wakiachwa watafika kwa tembo.

Mimi ni bibi, daktari wa mifugo mstaafu. Nipo Kigoma miaka mingi na Kiswahili changu kimenyooshwa na majirani, lakini nimezaliwa na kusomea Congo, na kazi nikaianza huko ikiitwa Zaire. Haya nimeyaona mwenyewe. Nikimwongezea huyu simba hata kilo moja humu ndani, basi sikujifunza kitu siku ile.

Haya, twende.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye bustani ya wanyama, Lubumbashi, miaka ya sabini. Shaba ilikuwa na bei, bomba la kiwanda linatoa moshi mchana kutwa, na Jumapili baada ya misa familia za wafanyakazi wa mgodi zinakuja na watoto wamepakwa mafuta. Wote walikuwa wanaanzia kwa Mukulu.

Mukulu maana yake ni mkubwa. Alikuwa simba dume, manyoya ya shingo meusi yameteremka mpaka chini ya tumbo. Mbele ya kizimba chake palikuwa na kibao cha bati, maandishi mekundu:

MUKULU. KILO 400.

Baba anambeba mtoto begani, anamsomea kwa sauti: mia nne! Anasema kwa fahari utafikiri simba ni wa ukoo wao. Na mimi nilikuwa naona raha kuwasikia. Mji wa shaba unapenda vitu vizito, jamani.

Kibao kilikuwa cha Citoyen Kasongo.

Kwa msiojua, enzi zile hakukuwa na bwana wala madame. Kila mtu ni citoyen au citoyenne, yaani raia, majina ya Kizungu tumeyatupa, na chama ni kimoja. Kila mahali pa kazi pana mtu wa chama. Kwetu alikuwa Kasongo, suti yake ya abacost imepigwa pasi mpaka inang'aa, na hotuba haziishi.

Yeye ndiye aliyemleta Mukulu kwa lori kutoka upande wa Mitwaba, baada ya simba kumaliza mbuzi wa watu. Na yeye ndiye aliyetangaza ile mia nne mbele ya wageni wakubwa, ngoma zinapigwa. Namba ikishasemwa na mtu wa chama kwenye kipaza sauti, nani anyanyue mkono?

Sasa ikawa Mukulu ameacha kula.

Aliyeniambia ni Papa Mutombo, mlishaji wake. Mzee wa maneno machache, ila asubuhi ile alikuja mbio mpaka mlangoni kwangu.

"Docteur, Mukulu hapana kula. Nyama ya jana iko vile vile. Anaiangalia tu."

Nikaenda. Taya limevimba upande mmoja, mate yanamtoka, harufu unaikuta mbali. Alipopiga mwayo nikaona jino la nyuma limevunjika na kuoza. Usaha ukienda kwenye damu, simba amekwisha. Jino lazima litoke.

Na simba hakalishwi kwenye kiti, wakuu. Lazima alazwe kwa dawa.

Hapa ndipo uzito unapoacha kuwa ubishi wa mtandaoni. Dawa ya usingizi hupimwa kwa kilo za mnyama. Ukizidisha sana, moyo unasimama. Ukipunguza sana, anaamka mkono wako ukiwa mdomoni mwake. Nilikuwa na chupa moja tu, niliipata kwa kubembeleza nusu ya Katanga.

Kasongo akasema kazi imekwisha, namba ipo kwenye kibao.

Nikamwambia Citoyen, mimi naona kama mia mbili na hamsini. Papa Mutombo akasema mia tatu. Yaani watu watatu, simba mmoja, na kila mtu na wake.

Tulieni kidogo niwaeleze, maana hapa ndipo wengi wenu mnapotelea.

Jicho halijui kupima simba. Manyoya ya shingo yanakudanganya, unapima nywele ukidhani ni nyama. Sauti yake inamwongezea kilo. Hofu yako inamwongezea nyingine. Halafu simba aliyetoka kula anabeba mlo mzima tumboni, mpime kesho utamkuta mwingine. Kwenye picha mwindaji anakaa nyuma, mzoga mbele, unaonekana kama trekta. Na wawindaji wengi walikuwa wanakadiria tu, mzani uko wapi porini?

Chui milia sijawahi kumtibu, kwa hiyo nasema nilichofundishwa tu. Dume kubwa la chui milia linaweza kumzidi simba kidogo. Lakini zile namba za kutisha, uliza kwanza: alikuwa wa kufungiwa, amenenepeshwa? Alikuwa ameshiba? Alipandishwa mizani kweli? Mara nyingi ukiuliza la tatu, kimya.

Turudi.

Kasongo alikasirika. "Docteur, unataka kupunguza simba yetu? Bantu bote banajua iko na kilo mia ine. Unataka kusema tulisema bongo?"

Bongo kwetu ni uongo. Na kumwambia mtu wa chama kwamba alisema bongo hadharani, hilo si jambo la mchezo. Niliogopa, siwafichi. Nilikuwa msichana juzi juzi nimetoka shule, kazi yenyewe bado naizoea. Lakini nilimwangalia Mukulu amelaza shavu kwenye saruji ili apate ubaridi, na hasira ikanishinda.

Nikasema, "Citoyen, chupa ni moja. Nikitia ya mia nne na simba si wa mia nne, hataamka. Tumpime. Na mzani utasoma wewe, si mimi."

Sijui nilitoa wapi hilo la mwisho. Akakubali. Nadhani ilimpendeza kwamba atasoma yeye.

Tukaazima mzani wa magunia kwenye ghala la unga, ule wa jukwaa na mkono wa chuma wenye kile kidude cha kusogeza. Tukamtoa Mukulu kizimba cha ndani, tukauweka pale, mkono ukapitishwa nje ya nondo.

Simba akagoma. Alinusa chuma, akarudi pembeni. Tulimwita, tukatupa nyama, wapi. Mtu mgonjwa wa jino umwonyeshe nyama, hata mimi ningekasirika.

Papa Mutombo ndiye aliyekumbuka mbao. Mukulu alikuwa na mbao zake za kulalia, zimekolea mafuta ya mwili wake, na hakulala mahali pengine popote. Tukazipima kwanza zenyewe, tukazilaza juu ya jukwaa, tukafungua mlango na kunyamaza.

Akaja polepole. Akazinusa. Akapanda, akajizungusha, akajitupa chini na kuhema.

Nilitaka kupiga kelele za furaha, nikajiziba mdomo.

Kasongo akashika kidude. Akakiweka kwenye mia nne. Mkono wa mzani haukuinuka hata kidogo. Mia tatu na hamsini, bado. Akafika mia tatu, jasho linamtoka, akageuka.

"Mashini hii iko mubaya."

Nikamwambia sawa, mnyama akitoka utapanda wewe. Lakini endelea kwanza.

Akaendelea. Alipita mia tatu ya Papa Mutombo. Akapita mia mbili na hamsini yangu, na hapo mimi nikaona aibu, maana nilikuwa na uhakika na jicho langu, kijana wa shule. Akaendelea tu kushuka, mpaka mkono ukainuka na kusimama katikati. Tukatoa uzito wa mbao.

Haikufika nusu ya kibao.

Mukulu alipotoka, Kasongo akapanda kweli. Uzito wake aliujua, alikuwa amepimwa dispensary wiki ile. Mzani ukasema ule ule. Akashuka na kukaa juu ya ndoo, na abacost yake yote.

Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Docteur, tulipima sanduku."

Ilikuwa hivi. Siku walipoingia mjini na Mukulu, lori lilipitishwa kwenye bascule, ule mzani wa malori. Desturi ya bascule kila dereva wa Katanga anaijua: unapimwa ukiwa umejaa, unashusha, unarudi kupimwa mtupu. Lakini siku ile wacheza ngoma wa chama walikuwa wanangoja barabarani, watu wamejaa, lori likavutwa kwenye maandamano. Halikurudi. Wakatoa uzito wa lori la kawaida, kilichobaki wakampa simba. Na sanduku alimofungiwa lilikuwa la mbao nene za porini na vyuma pande zote.

Yaani mji mzima ulikuwa unashangilia mbao.

Nilitaka kucheka. Nilipomwona uso sikuweza. Alikuwa anatazama ile chupa yangu mezani.

"Ningelimuua," akasema. "Mimi mwenyewe, na mudomo yangu."

Akaomba kitu kimoja tu, ile namba ibaki kati yetu watatu. Nikakubali.

Nikapima dawa kwa uzito wa kweli. Mukulu akalala. Jino nililing'oa kwa kuvuta mpaka mabega yakaniuma, na Kasongo, amevua koti, ndiye aliyemshikia kichwa. Kisha tukatoka, tukafunga, tukaanza kungoja aamke.

Wakuu, huko kungoja msikuombe. Mke wa Papa Mutombo alituletea bukari, ndio ugali wa kwetu, na samaki wa kutoka Pweto, ziwani. Hakuna aliyegusa. Kasongo aliuliza kila mara, "Alikufa?" Na Papa Mutombo, jicho kwenye mbavu za simba, anajibu, "Hayakufa. Iko nalala."

Jua lilipoanza kuteremka upande wa kiwanda, sikio moja likacheza. Halafu mkia. Halafu Mukulu akainua kile kichwa kizito, akatutazama kama watu waliomkosea adabu.

Nililia. Kasongo pia alilia, wala hakugeuka kujificha. Papa Mutombo akachukua sahani akaanza kula.

Siku chache baadaye Mukulu akala nyama. Na Jumapili iliyofuata nikakuta kibao kimepakwa rangi upya, mkono ni wa Kasongo, naujua. Kilo zimeondoka. Kimeandikwa:

MUKULU. IKO MUZIMA. KUYA UMUONE.

Yaani ni mzima, njoo umwone. Mtu wa chama, enzi zile, afute namba yake mwenyewe! Hatukuulizwa na yeyote. Watu walikuja vile vile, wengine walizidi, maana sasa kila baba alikuwa na kilo zake za kumwambia mtoto.

Nilichojifunza ni hiki. Ukimpenda mnyama, au mtu, au nchi yako, usimwongezee kilo. Siku akiugua, dawa itapimwa kwa ule uongo wako.

Kasongo na Papa Mutombo wote wametangulia. Namba kamili nimebaki nayo mimi, na niliahidi, kwa hiyo hata mkinipigia magoti hamuipati.

Ila kukadiria ni ruksa, uwanja ni wenu. Na wewe wa mia tano, chui milia wako alipandishwa mizani wapi, na sanduku walilitoa?